Kampuni ya Umeme Inapokulipa Utumie Kidogo

Chukua kompyuta ya mezani iliyotoka ofisi fulani ya Marekani au Ulaya, ikapita mikononi mwa wafanyabiashara wa vifaa vilivyotumika na kuishia kwenye rafu ya duka la Kariakoo jijini Dar es Salaam au la Luthuli Avenue jijini Nairobi. Fungua ubavu wake. Kwenye lile boksi la bati ambalo waya wa umeme huingilia, mara nyingi utakuta stika imeandikwa 80 PLUS. Muuzaji atakwambia hiyo ni alama ya ubora, na hasemi uongo. Asichokijua ni kwamba stika hiyo ilizaliwa katika mpango uliogharamiwa na kampuni za umeme. Kampuni ambazo riziki yao ni kuuza umeme zilitoa fedha zao ili watu wanunue umeme kidogo zaidi.

Boksi hilo ndilo pawasaplai. Ndani ya kompyuta hakuna kinachokula umeme wa ukutani kama ulivyo. Prosesa inataka volti moja hivi, diski na feni zinataka volti 12 au 5, na umeme wote huo lazima uwe wa mkondo mnyoofu, si wa mkondo geu kama unaotoka kwenye soketi. Pawasaplai inakaa katikati kama dalali: inapokea upande mmoja, inakabidhi upande wa pili, na kila mara inakata cha juu chake. Cha juu hicho hutoka kama joto. Ile feni inayovuma nyuma ya kompyuta sehemu kubwa ya kazi yake ni kulifukuza joto hilo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 pawasaplai nyingi zilikuwa na ufanisi wa asilimia 65 hadi 70. Maana yake ni kwamba kompyuta inayohitaji wati 100 kwa kazi zake za ndani ilikuwa ikivuta karibu wati 147 kutoka ukutani, na wati 47 zikawa joto tupu. Ukipandisha ufanisi hadi asilimia 80, kompyuta ileile inavuta wati 125. Kutoka 68 kwenda 80 panaonekana padogo ukipasoma kwenye karatasi, lakini hasara yenyewe imeshuka kutoka wati 47 hadi 25. Katika ofisi yenye kiyoyozi faida inaongezeka, kwa sababu kila wati ya joto inayotolewa na kompyuta inaitaka mashine nyingine itumie umeme kulitoa nje.

Wahandisi walijua kutengeneza pawasaplai nzuri zaidi tangu zamani. Tofauti ya gharama ilikuwa dola chache kwa kila kompyuta. Basi kwa nini hazikutengenezwa? Fuata mlolongo. Anayechagua pawasaplai ni mtengenezaji wa kompyuta, na kwake dola tatu ni dola tatu, kwa kuwa anauza mashine mamilioni. Anayenunua kompyuta ni ofisa ugavi, ambaye anapimwa kwa bei aliyoipata, na hakuna kipengele cha zabuni kinachomuuliza mashine itakula umeme kiasi gani. Anayelipia umeme ni idara nyingine kabisa, au mwenye jengo. Na anayeitumia kompyuta kila siku hajawahi kuiona bili. Katika mlolongo mzima hakuna mtu mmoja ambaye anaamua na pia analipa, na wachumi wanasema tatizo la namna hii haliondoki kwa kuhubiri. Nakubaliana nao. Mimi nadhani nusu ya kampeni za kubana matumizi duniani zinashindwa kwa sababu zinamhubiria mtu asiye na uamuzi.

Mwaka 2004 washauri wa kampuni ya Ecos ya Portland, jimbo la Oregon, walipendekeza njia nyingine: wasimguse mtumiaji hata kidogo. Waende moja kwa moja kwa yule anayechagua. Kampuni za umeme zingeweka fedha katika mfuko mmoja, na mtengenezaji angelipwa dola 5 kwa kila kompyuta ya mezani, na dola 10 kwa kila seva ndogo, atakayoiuza ikiwa na pawasaplai iliyofaulu mtihani. Mtihani wenyewe ulikuwa mfupi: ufanisi usipungue asilimia 80 mzigo ukiwa asilimia 20, 50 na 100 ya uwezo wa kifaa. Ndiyo asili ya jina. Maabara za Electric Power Research Institute, taasisi ya utafiti ya sekta ya umeme, zilifanya vipimo, ili mtengenezaji asijipe alama mwenyewe. Mapema mwaka 2005 kampuni ya Seasonic ya Taiwan ikawa ya kwanza kuingiza sokoni pawasaplai yenye alama hiyo.

Dola 5 si fedha za kumtajirisha mtu. Lakini zilifunika ile tofauti ya dola chache, na kwa mtengenezaji hoja ya gharama ikaishia hapo. Julai 2007 toleo jipya la vigezo vya Energy Star, alama ya serikali ya Marekani ya vifaa vinavyobana umeme, likaweka sharti la 80 PLUS ndani yake. Kuanzia hapo aliyetaka kuuza kompyuta kwa idara za serikali ya shirikisho hakuwa na njia ya kuikwepa. Mwaka huohuo Google na Intel, pamoja na shirika la uhifadhi la WWF, zikaanzisha umoja wa Climate Savers Computing ulioweka ngazi za juu zaidi, na madaraja yakafuatana: shaba, fedha, dhahabu, platini, kisha titani. Pawasaplai ya daraja la dhahabu lazima ifikie asilimia 90 ikiwa na nusu ya mzigo. Daraja la titani linataka 94.

Sasa turudi kwenye swali ambalo msomaji mwenye akili ya biashara ameshaliuliza: kampuni ya umeme inapata nini?

Jibu liko California. Baada ya mtikisiko wa mafuta wa 1973, jimbo lile lilikuwa likitazama makadirio yaliyotaka mitambo mipya ya kuzalisha umeme kila mwaka, mingi yake ya nyuklia. Mwaka 1974 likaunda tume yake ya nishati. Mwanafizikia Arthur Rosenfeld, aliyesomea udaktari wake chini ya Enrico Fermi na kutumia miaka mingi kuchunguza chembe ndogo za atomu, akaiacha fani yake na kuanza kupigia hesabu friji, madirisha na taa. Hoja yake ilikuwa kwamba uniti ya umeme iliyookolewa ni rahisi kuliko uniti iliyozalishwa na mtambo mpya. Hoja nzuri, lakini kampuni ya umeme ingeikubali vipi, wakati kila uniti isiyouzwa ni mapato yaliyopotea?

Mdhibiti wa sekta ya umeme wa jimbo akakata kile kifundo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 California ilianza kutenganisha mapato ya kampuni na wingi wa umeme inaouza. Kampuni inawekewa kiasi cha mapato kinachotosha gharama zake na faida ya haki. Ikiuza pungufu, bei inarekebishwa kidogo mwaka unaofuata, na ikiuza zaidi, ziada inarudi kwa wateja. Hivyo kampuni haina tena sababu ya kuchukia balbu nzuri. Baadaye mdhibiti akaongeza kishawishi: kampuni iliyofikia lengo la kuokoa umeme iliruhusiwa kupata bonasi. Fedha za kuwalipa wateja hutoka kwenye tozo ndogo ndani ya bili za wote. Tangu katikati ya miaka ya 1970 matumizi ya umeme ya kila mkazi wa California yamebaki karibu na uniti 7,000 kwa mwaka, wakati Marekani kwa jumla iliendelea kupanda kwa miaka mingi. Watetezi wa sera hizo huitumia sana hoja hiyo, nami naipunguza kidogo: hali ya hewa ya pwani ile ni tulivu, na viwanda vikubwa vimehama. Lakini hata ukitoa hayo, kilichobaki si kidogo.

Afrika Mashariki tumewahi kuuonja mpango wa aina hii kupitia balbu. Uganda mwaka 2007, maji ya Ziwa Victoria yalipokuwa yamepungua na mgawo wa umeme umekithiri, na Kenya Power mwaka 2010, waliwapa wateja wa majumbani balbu za kubana umeme bure badala ya zile za zamani. Hawakuwa wakarimu kupita kiasi. Saa moja hadi saa nne usiku gridi inalemewa, na jenereta za dizeli zinazowashwa saa hizo ni ghali kuliko balbu.

Pawasaplai, basi, ilikuwa sehemu rahisi. Unabadilisha kipande kimoja kiwandani na hakuna mtumiaji anayehisi tofauti. Sehemu ngumu ilikuwa usingizi.

Kompyuta inaweza kusinzia. Inapofanya hivyo prosesa inazimwa, diski zinasimama, skrini inazimika, na umeme unaobaki ni ule wa kuihifadhi kumbukumbu ya RAM isifutike. Ikivuta wati 60 ikiwa macho bila kazi, itavuta 2 au 3 ikiwa imesinzia, na kuamka kwake ni suala la sekunde chache. Energy Star ilipoanzishwa mwaka 1992 na mamlaka ya mazingira ya Marekani, kompyuta na monita ndizo zilizokuwa za kwanza kupewa alama, na sharti lilikuwa hilo hasa: kifaa kisipoguswa kwa muda, kishuke chenyewe hadi wati 30 au chini yake. Mwaka uliofuata Rais Bill Clinton aliamuru ofisi za serikali zinunue mashine zenye alama hiyo tu. Watengenezaji walifuata upesi. Kwenye karatasi, tatizo likawa limekwisha.

Miaka kumi baadaye watafiti wa Lawrence Berkeley National Laboratory waliingia katika majengo ya ofisi usiku, wafanyakazi wakiwa wameshaondoka, wakapita meza kwa meza wakiandika kilichowaka na kilichozimwa. Zaidi ya nusu ya kompyuta za mezani zilikuwa zimeachwa zikiwaka. Na kati ya hizo zilizoachwa, zilizokuwa zimesinzia zilikuwa chache mno, hata kumi katika kila mia hazikufika. Uwezo wa kusinzia ulikuwemo ndani ya karibu kila mashine, umelipiwa na una alama ya serikali, lakini umezimwa.

Sababu zake ni nyingi na nyingine zinachekesha. Watu wa kitengo cha TEHAMA walitaka mashine ziwe macho usiku ili waziwekee masasisho. Kompyuta ikisinzia ilipoteza mawasiliano na mtandao, na ikiamka baadhi ya programu zilichanganyikiwa. Katika Windows XP programu yoyote iliweza kuikataza kompyuta kulala. Programu moja mbovu ya kuchapisha ilitosha kuifanya ikeshe. Windows Vista, pamoja na lawama zote ilizopata, iliifuta haki hiyo ya kukataa na ikaja kiwandani ikiwa imepangwa kusinzia yenyewe. Kisha kulikuwa na skrini seva. Yale maumbo ya samaki na mabomba ya rangi yanayozunguka yalibuniwa ili kuzuia picha isichome kioo cha monita za zamani za mrija, na watu wengi waliamini kwamba yanabana umeme. Hayabani. Monita inaendelea kuwaka na prosesa inafanya kazi ya kuyachora.

Kampuni za umeme zikaona pengo. Mtumiaji mmojammoja hawezi kutegemewa, lakini ofisi yenye kompyuta elfu mbili ina mtu mmoja anayezisimamia zote. Kampuni ya Verdiem ya Seattle ilikuwa imetengeneza programu iliyomwezesha msimamizi huyo kupanga usingizi wa mashine zote akiwa mezani kwake, aone ipi imekesha na kwa nini, kisha aziamshe saa nane usiku kwa ajili ya masasisho na kuzilaza tena. PG&E, kampuni ya umeme ya kaskazini mwa California, ikaanza kuwarudishia wateja wake dola 15 kwa kila kompyuta iliyowekewa programu ya namna hiyo. Mamlaka ya mazingira nayo ilitoa bure kifaa chake, EZ GPO, kwa ofisi zilizotaka kufanya kazi hiyo zenyewe.

Namna ya kuziamsha ni kitu ninachokipenda katika habari nzima hii. Kompyuta iliyolala huiacha kadi yake ya mtandao ikiwa macho kwa umeme kidogo sana. Kadi haifanyi lolote ila kusikiliza. Msimamizi anatuma mtandaoni ujumbe mmoja tu: baiti sita za thamani ya juu kabisa, zikifuatiwa na anwani ya kadi husika iliyorudiwa mara 16. Mpangilio huo hauwezi kutokea kwa bahati mbaya katika mazungumzo ya kawaida ya mtandao, kwa hiyo kadi ikiusikia inajua imeitwa, inaiamsha kompyuta nzima. Watafiti Bruce Nordman wa Berkeley na Ken Christensen wa Chuo Kikuu cha South Florida walikwenda mbele zaidi. Waliona kwamba kompyuta nyingi hukesha ili tu ziitikie salamu ndogondogo za mtandao, wakapendekeza kifaa kingine kidogo kiitikie kwa niaba yake wakati yenyewe imelala. Apple iliweka huduma ya aina hiyo katika mashine zake mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatolewa kanuni ya kimataifa inayoeleza jinsi ya kufanya hivyo.

Hata kompyuta ikiwa macho, prosesa yake nayo ina usingizi wake mfupimfupi. Mwaka 2007 mhandisi wa Intel, Arjan van de Ven, na wenzake walitoa programu ndogo ya Linux iitwayo PowerTOP. Haikuokoa chochote yenyewe. Ilionyesha tu nani anaiamsha prosesa, na mara ngapi kwa sekunde. Hadi wakati huo Linux ilikuwa na mpigo wa saa unaoishtua prosesa hadi mara 1,000 kila sekunde, kuwe na kazi kusiwe na kazi, na mwaka huohuo mpigo huo ukaanza kuondolewa. Ndipo waandishi wa programu walipoaibika. Kumbe kuna kidude cha pembeni ya skrini kilichokuwa kikiuliza mara kadhaa kila sekunde kama sauti ya spika imebadilishwa. Kumbe kuna programu ya barua inayoamka bila barua. Prosesa za kisasa hubana umeme kwa kulala hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, na kila anayeigusa bega anaitoa usingizini. Watu waliposoma majina ya wakosaji, marekebisho yakamiminika ndani ya miezi michache. Hakuna ruzuku iliyohitajika, kwa sababu safari hii aliyeonyeshwa hasara ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuiondoa.

Mtumiaji wa kawaida hajafikia hapo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California huko Irvine waliwauliza watu kama kompyuta zao za mezani zimepangwa kusinzia, kisha wakaenda kukagua. Walio wengi sana walisema ndiyo. Ukaguzi ulionyesha kwamba waliokuwa wameipanga kweli ni kama mmoja kati ya watano. Wengi waliona skrini ikizimika wakadhani kompyuta imelala.

Kwenye vyumba vya seva hesabu ilikuwa nyingine. Huko mashine hazilali kabisa, na shida yake ni uvivu. Luiz André Barroso na Urs Hölzle wa Google waliandika mwaka 2007 kwamba seva nyingi hufanya kazi kati ya asilimia 10 na 50 tu ya uwezo wake, ilhali hata zikikaa bure zinavuta karibu nusu ya umeme wa juu kabisa. Katika ofisi za kawaida hali ilikuwa mbaya kuliko hiyo: kila programu ilipewa seva yake, na seva nyingi zilikaa chini ya asilimia 15. Dawa ilikuwapo, nayo ni mashine pepe, yaani programu inayoigawa seva moja iwe kama seva nyingi, kila moja ikidhani iko peke yake. Mwaka 2006 PG&E ikatangaza kwamba itamlipa mteja dola 150 hadi 300 kwa kila seva atakayoizima kwa njia hiyo na kuiondoa chumbani. Jambo hilo lilikuwa geni. Kampuni ya umeme ilikuwa ikilipia programu, kitu kisicho na plagi.

Ruzuku zote hizi zina mdudu wake. Utajuaje kama uliyemlipa hakuwa anakwenda kufanya hivyo hata bila fedha zako? Mashine pepe zilikuwa zikienea kwa kasi zenyewe, kwa sababu seva chache ni gharama ndogo hata usipohesabu umeme. Wakaguzi wa mipango hii hutumia muda mwingi kuwatoa katika hesabu wapandaji wa bure wa namna hiyo, na kila jambo linapokuwa la kawaida sokoni, ruzuku yake hufutwa. Hatua inayofuata huwa ni sheria. Desemba 2016 California ikawa ya kwanza Marekani kuweka kikomo cha lazima cha umeme unaoliwa na kompyuta zikiwa hazina kazi, na mwaka 2021 Dell ikaacha kupeleka California na majimbo mengine machache baadhi ya kompyuta zake za michezo za Alienware kwa kuwa hazikufaulu.

Huku kwetu stika ile inafika bila maelezo yake, na mambo mawili yanafaa kujulikana kabla ya kulipa zaidi kwa ajili ya neno dhahabu. La kwanza, mtihani wa awali haukupima chini ya asilimia 20 ya mzigo. Pawasaplai ya wati 750 ndani ya kompyuta ya kuandikia barua inayovuta wati 40 inafanya kazi katika asilimia 5, mahali ambapo ufanisi huanguka na stika haisemi kitu. Kati ya madaraja niliyoyataja, ni la titani pekee linalopimwa hata kwenye asilimia 10. Pawasaplai ndogo ya daraja la shaba inayolingana na mashine inaweza kukufaa zaidi. Habari njema ni kwamba vipimo vya kawaida vilifanywa kwa volti 115 za Marekani, na kwa volti zetu 230 kifaa kilekile huwa na ufanisi wa juu kidogo.

La pili ni UPS. Pawasaplai zenye alama hiyo lazima zivute umeme kwa mpangilio usioisumbua gridi, na saketi inayofanya kazi hiyo inategemea wimbi laini la umeme. UPS nyingi za bei nafuu, umeme ukikatika, hutoa wimbi la ngazingazi. Baadhi ya pawasaplai nzuri hulikataa, zikazima kompyuta palepale wakati UPS ikilia kwamba iko kazini. Fundi atabadilisha betri, kisha atailaumu kompyuta, na mwenye nayo atarudi kwenye pawasaplai ya hovyo ambayo haina masharti. Kinachohitajika ni UPS ya wimbi laini, ambayo kwa bahati mbaya ni ghali zaidi.

Usingizi, kwa upande mwingine, ni bure. Mwaka una saa 8,760. Ofisi inayofanya kazi saa 50 kwa wiki, wiki 50, inatumia kompyuta saa 2,500. Zinabaki saa 6,260. Kompyuta ya wati 60 iliyoachwa macho saa zote hizo itakula uniti 375. Ikisinzia, zisizofika 20. Kwa kipimo ambacho mteja wa LUKU, umeme wa kulipia kabla wa Tanzania, amekizoea, cha shilingi 10,000 kwa uniti 28, tofauti hiyo ni zaidi ya shilingi 125,000 kwa mwaka kwa kompyuta moja. Ofisi yenye mashine 200 ifanye hesabu yenyewe. Kama kompyuta yako ya Windows imepangwa kulala na hailali, fungua dirisha la amri ukiwa na haki za msimamizi na uandike powercfg /requests. Itakutajia jina la programu au kifaa kinachoizuia. Mara nyingi ni kidude cha sauti au ukurasa wa video uliosahauliwa wazi.

TANESCO na Kenya Power hazilipi mtu yeyote kwa jambo hili, na kwa sasa sioni ubaya mkubwa. Kompyuta za mezani za ofisini si mzigo unaoitikisa gridi yetu. Mzigo uko kwingine, na huko Marekani umebadilika sura kabisa. Mwaka 2006 vituo vya data vya nchi hiyo vilitumia uniti bilioni 61, na serikali ilihofia zingekuwa maradufu ifikapo 2011. Hazikuwa. Mwaka 2014 zilikuwa bilioni 70 tu, kwa sababu ya mashine pepe, pawasaplai bora, upozaji bora na kazi kuhamia kwenye vituo vikubwa vya kampuni kama Google, ambako anayechagua mashine na anayelipa bili ni mtu mmoja. Halafu ikaja akili mnemba. Mwaka 2023 zilifika bilioni 176, asilimia 4.4 ya umeme wote wa Marekani.

Katika vituo hivi hakuna upotevu wa kijinga uliobaki wa kurekebishwa kwa dola 5. Pawasaplai zake ni za daraja la juu, na wahandisi wake wanahesabu kila wati kwa kuwa ni fedha zao. Kwa hiyo makubaliano mapya na kampuni za umeme hayazungumzii tena kiasi, yanazungumzia saa. Agosti 2025 Google ilitangaza mikataba na Indiana Michigan Power na Tennessee Valley Authority: siku ambayo gridi imelemewa, kampuni ya umeme itaomba, na Google itapunguza kazi za akili mnemba zinazoweza kungoja na kuzisogeza hadi mzigo wa gridi upungue.